Miritini, Changamwe, Kisauni: safari ya mgeni wa kazi mjini Mombasa

Anayekuja Mombasa kutafuta kazi huingia kwa mlango mmoja kati ya mitatu: kituo cha treni cha Miritini, mabasi ya Mwembe Tayari, au feri ya Likoni akitoka Kwale na Lunga Lunga. Njia inayofuatwa hapa ni ya Miritini, kwa sababu hiyo ndiyo inayopita kwenye viwanda, mabohari na vyumba vya bei nafuu kabla ya kufika kisiwani. Kila siku ina shughuli yake. Beba daftari dogo na kalamu. Huko mbele utaona vina kazi gani.

Jumamosi: kabla ya tikiti

Safari nyingi huharibikia nyumbani. Anayefika na nauli tu hana budi kukubali kazi ya kwanza na chumba cha kwanza, na mwenye kazi anajua hivyo. Chukua mfano wa chumba cha Sh 3,000: kodi ya mwezi wa kwanza 3,000, amana 3,000 nyingine, halafu godoro, jiko, ndoo, chakula na nauli ya kuzunguka. Mshahara wa mwezi haulipwi kabla mwezi haujaisha. Akiba isipotosha kodi hiyo na chakula cha mwezi mmoja, heri uahirishe safari ukusanye kwanza.

Karatasi za kubeba ni kitambulisho na nakala zake tatu au nne, PIN ya KRA (mamlaka ya ushuru), namba ya NSSF (mfuko wa akiba ya uzeeni), usajili wa SHA (bima ya afya ya serikali, huanzia *147# kwenye simu), vyeti vya shule, na cheti cha tabia njema. Hiki cha mwisho huombwa kupitia eCitizen kwa Sh 1,050, kisha unachapisha fomu na kwenda kuchukuliwa alama za vidole kwa DCI (polisi wa upelelezi) au Huduma Centre (kituo cha huduma za serikali). Hakitoki siku hiyohiyo, ndiyo maana ni bora kukianza ukiwa kwenu. Waajiri wa ulinzi, wa hoteli na wa kazi za nyumbani hukiulizia. Kujisajili NSSF na SHA hakulipiwi. Anayekutoza ada ya kukufungulia namba anakula kwa njaa yako.

Jumapili: Miritini

Treni ya asubuhi, ile inayosimama vituo vya njiani, hutoka Nairobi saa mbili na kufika Miritini mnamo saa nane mchana. Kituo hakiko mjini, kiko upande wa bara. Wageni wengi hurukia matatu ya kwenda kisiwani jioni ileile, ilhali kazi nyingi za mikono wanaziacha nyuma yao: mabohari ya makontena kando ya barabara ya Nairobi, viwanda vya Miritini, Jomvu, Mikindani na Changamwe. Mabohari haya yaliumia serikali ilipolazimisha mizigo ya kwenda bara ipande treni. Madereva, makuli na mama ntilie wa Changamwe walikosa riziki kwa pamoja. Agizo hilo liliondolewa Septemba 2022.

Kuwa macho na dalali wa kazi anayesubiri wageni. Maneno yake hayabadiliki: kampuni inaandika watu kesho, nafasi zimebaki chache, toa kidogo cha fomu na cha sare. Kazi halali huilipii ili uipate. Akitaja kampuni, liandike jina kwenye daftari, kisha nenda getini mwenyewe ukaulize. Akikataa kulitaja, mazungumzo yameisha.

Wengi hulala kwa ndugu au mtu wa kwao usiku huu. Wazee walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na katika chumba cha futi kumi kwa kumi chenye watu watano tayari, siku ya tatu huja mapema. Sema tangu mwanzo utakaa mpaka lini, na changia maji na unga bila kuombwa. Ukigombana na mwenyeji umepoteza pia mtu wa kwanza wa kukuambia kampuni gani inalipa na gani hailipi.

Jumatatu: Posta

Siku ya foleni. Huduma Centre ya Mombasa iko Posta Kuu, Digo Road. Changamwe pia kuna yake. Fika kabla ya milango kufunguliwa ukamilishe alama za vidole na namba zilizobaki. Anayelenga hoteli au jikoni aende pia afya ya umma apimwe apate cheti cha kushika chakula, ambacho hudumu miezi 6 tu. Wengi hukataliwa mlangoni kwa sababu kile cha zamani kimekwisha muda.

Jumanne: Shimanzi, alfajiri

Kazi za kutwa hugawiwa kabla jua halijachomoza. Shimanzi kuna mabohari ya majani ya chai yanayosubiri mnada na ghala za bidhaa za bandarini. Huhitajika watu wa kupakia, kupakua, kupanga na kushona magunia. Mnyapara hutoka na karatasi, huita majina, hujaza kwa waliosimama karibu. Pale ndipo hongo huombwa kwa sauti ya chini: toa sehemu ya malipo ya leo, uitwe na kesho. Kinachofanya hongo hiyo imee ni kwamba karatasi ya majina iko mikononi mwa mtu mmoja tu. Bohari lenye dirisha la ofisi linaloandikisha vibarua kwa kitambulisho huwa na tabu hiyo kwa kiasi kidogo zaidi, na inafaa kutembea mbali kidogo ili kulifikia.

Sheria ya Ajira ya 2007 inamtambua kibarua kuwa ni mtu anayelipwa mwisho wa siku na asiyeajiriwa kwa zaidi ya saa 24 kwa wakati mmoja. Maana yake ni nzito. Anayefanya Jumatatu mpaka Jumamosi na kulipwa kwa wiki, hata wakimwita kibarua, sheria ina jicho jingine juu yake. Akifikisha siku za mfululizo ambazo jumla yake ni mwezi mmoja, zikihesabiwa pamoja na siku za mapumziko na sikukuu, mkataba wake huhesabika kuwa wa mwezi, na hawezi tena kuambiwa usije kesho bila notisi ya siku 28. Hali ni hiyohiyo kwa kazi ambayo kwa akili ya kawaida haiwezi kumalizika ndani ya miezi mitatu. Ikipita miezi miwili mfululizo, anastahili masharti ambayo angepata lau asingeanza kama kibarua.

Waajiri wabaya wanaijua hesabu hii vizuri kuliko wafanyakazi. Kuna wanaomsimamisha mtu siku chache kabla mwezi haujatimia, halafu wakamrudisha. Wengine hubadilisha jina kwenye orodha, leo Juma, kesho Jumaa, na kuna wanaopitisha malipo kwa mkandarasi asiye na ofisi ili mfanyakazi asijue mwajiri wake ni nani. Silaha dhidi ya haya yote ni lile daftari. Kila jioni andika mstari mmoja: tarehe, saa ya kuingia na kutoka, bohari gani, mnyapara nani, kazi gani, umelipwa shilingi ngapi na kwa njia gani. Malipo ya M-Pesa yana jina la aliyetuma, kwa hiyo usifute ujumbe. Ukiufuta, taarifa ya miamala hupatikana kupitia *234#. Daftari lililoandikwa kila siku kwa kalamu tofauti, lenye jasho na mikunjo, huaminika kuliko orodha nadhifu iliyonakiliwa usiku mmoja kabla ya kwenda kushtaki.

Mji huu haukuanza leo kudai haki ya namna hii. Katika migomo ya 1939 hapa Mombasa, kodi ya nyumba ilikuwa miongoni mwa madai makuu, na baadhi ya wafanyakazi walipata posho ya nyumba kwa sababu hiyo. Januari 1947 bandari na reli zilisimama tena. Kutokana na mgomo ule Chege Kibachia akaibuka kuongoza shirikisho la wafanyakazi Waafrika. Waliosimama wakati ule walikuwa vibarua na wapangaji kwa pamoja, maana mshahara usiotosha kodi si mshahara kamili. Ndivyo sheria ya leo inavyosema.

Jumatano: Changamwe na Mikindani

Magetini mwa viwanda vya nguo vya kuuza nje utaona tangazo limebandikwa, la washonaji, wakaguzi, wapiga pasi au wasaidizi. Kwa mshonaji hupimwa mkono: unapewa kipande, mashine na dakika. Ukiitwa, jambo la kwanza kudai kwa adabu ni karatasi. Kazi ya miezi mitatu au zaidi lazima iwe na mkataba wa maandishi, na kuuandika ni wajibu wa mwajiri. Asiyejua kusoma anastahili kuelezwa kwa lugha anayoielewa kabla ya kuweka kidole. Kesi ikifika mahakamani na mwajiri akashindwa kutoa mkataba, yeye ndiye anayebebeshwa mzigo wa kuthibitisha kwamba unayoyasema si kweli. Hivyo kukosa mkataba hakumfungi mfanyakazi mdomo.

Soma vipengele hivi kabla ya jina lako kwenda chini ya ukurasa. Jina halisi la mwajiri, si la meneja. Cheo cha kazi, kwa sababu mshahara wa chini hufuata cheo. Mshonaji akiandikwa msaidizi amekatwa pesa kabla hajaanza. Muda wa majaribio usizidi miezi 6, na hauongezwi bila wewe kukubali. Siku moja ya kupumzika katika kila saba. Likizo isiyopungua siku 21 za kazi kwa mwaka. Halafu mshahara.

Amri ya mishahara iliyoanza Novemba 2024 inaweka mshahara wa chini wa kibarua wa jumla mjini Mombasa kuwa Sh 16,113.75 kwa mwezi, nyumba haimo. Juu yake huongezwa asilimia 15 ya nyumba, yaani Sh 2,417.06, jumla ikawa Sh 18,530.81. Mwajiri ama akupe makao yanayofaa karibu na kazi, ama akulipe fedha hiyo. Mtego uko kwenye neno moja: mkataba ukisema mshahara umejumuisha nyumba, posho haidaiwi tena peke yake, lakini basi jumla hiyo isiwe chini ya Sh 18,530.81. Anayeandikiwa Sh 16,200 "pamoja na nyumba" anapunjwa zaidi ya Sh 2,300 kila mwezi, kwa saini yake mwenyewe.

Saa za ziada nazo zina hesabu. Chini ya amri ya jumla ya mishahara wiki ya kawaida ni saa 52 kwa siku sita. Mshahara wa msingi hugawanywa kwa 225 kupata saa moja: 16,113.75 kwa 225 ni Sh 71.62. Saa ya ziada siku ya kazi hulipwa mara moja na nusu, Sh 107.43, siku ya mapumziko au sikukuu mara mbili, Sh 143.23. Sekta nyingine zina amri zao zenye saa pungufu, na makubaliano ya chama cha wafanyakazi yanaweza kuwa bora kuliko yote mawili. Uliza kiwandani kama kuna chama na nani mwakilishi wake. Ukijibiwa kwa hasira, umeshajibiwa.

Alhamisi: Nyali, Bamburi, Shanzu

Pwani ya kaskazini inaishi kwa msimu. Desemba na Agosti hoteli huongeza watu. Masika ya Aprili hadi Juni nyingine hufunga mabawa mazima. Anayefika Mei akitafuta hoteli amekuja wakati mbaya. Afike Oktoba, wakati wa kuandikisha kwa ajili ya sikukuu. Mkataba wa msimu ni halali, ila uwe na tarehe ya mwisho. KUDHEIHA, chama cha wafanyakazi wa hoteli na wa majumbani, kina makubaliano na wenye hoteli yenye viwango vya juu kuliko vya serikali, na hoteli iliyomo kwenye makubaliano hayo haiwezi kukulipa chini yake.

Huku ndiko pia kwenye kazi za nyumbani, hasa kwa dada zetu. Mfanyakazi wa nyumbani, yaya na mtunza bustani wako kwenye kundi lile la Sh 16,113.75. Wengi hawalijui hilo, na waajiri wengi hawataki kulijua. Anayelala kwa mwajiri amepewa nyumba, kwa hiyo asilimia 15 haidai. Lakini jikoni sakafuni, au kwenye chumba cha watoto bila mlango wa kufunga, si makao yanayofaa. Kabla ya kukubali, omba kwa heshima uonyeshwe utakapolala: "Mama, naomba nione chumba." Kubalianeni siku ya kupumzika na saa ya kulala. Toa nakala ya kitambulisho, kitambulisho chenyewe kisitoke mkononi mwako. Simu yako ibaki yako.

Katika mitaa hiihii kuna mawakala wanaopeleka watu Saudia, Qatar na Falme za Kiarabu. Tazama kwanza kama wakala yumo kwenye orodha ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Mkataba wa kazi ya nje lazima uidhinishwe na afisa wa kazi wa serikali kabla hujaondoka, na uwe umeusoma hapa, kwa lugha unayoielewa. Anayekupeleka kwa viza ya utalii amekuondolea ulinzi wote huo kabla ndege haijapaa.

Ijumaa: kutafuta chumba

Anza mapema. Mchana wenye nyumba wengi wako msikitini, kwa hiyo piga hodi kabla ya saa sita au baada ya saa nane.

Aina tatu ndizo utakazokutana nazo. Ya kwanza ni nyumba ya Kiswahili, ujia katikati, vyumba vitatu huku na vitatu huku, uani kuna choo, bafu na mahali pa kupikia. Utaziona Majengo, Mlaleo, Kisauni, Likoni, Magongo. Ya pili ni safu za vyumba vya matofali zilizojengwa kwa ajili ya kupangisha, Mishomoroni, Mikindani, Chaani. Ya tatu ni mabati na udongo kwenye makazi yasiyo rasmi kama Bangladesh huko Mikindani au Moroto kisiwani. Ya tatu ndiyo nafuu, na mtu halaumiwi kwa kuanzia huko, lakini hesabu ya nafuu hiyo ifanywe sawasawa.

Chukua maji. Mombasa hutegemea maji yanayotoka mbali, Mzima, Baricho na Marere, na mfereji wa mtaani unaweza kukauka siku kadhaa. Visima vingi vina chumvi, vinafaa kufulia, si kupikia. Mtungi wa lita 20 ukiununua Sh 20 kwa mwenye mkokoteni, na nyumba ikatumia minne kwa siku, mwezi unakula Sh 2,400. Hiyo ni karibu posho yote ya nyumba, imeishia kwenye ndoo. Chumba cha Sh 4,000 chenye tangi na mfereji uani kinaweza kuwa rahisi kuliko cha 2,500 kisicho na tone.

Ukiwa chumbani, tazama juu. Mabati bila dari mwezi wa Februari hayalaliki mchana, na anayefanya kazi usiku hulala mchana. Tazama dirisha, lifunguke, liwe na wavu au mahali pa kufunga neti. Uliza choo kimoja kinatumiwa na watu wangapi na nani analipia kukinyonya. Uliza kama mita ya umeme ni yako au ya wote, na tokeni zinagawanywaje. Mpangaji mwenye friji na mpangaji mwenye balbu moja wakilipa sawa, ugomvi uko njiani. Tazama alama ya maji ukutani. Mstari wa tope kwenye goti unakuambia masika iliyopita ilifika wapi. Choo cha shimo kikiwa karibu na kisima, maji hayo usiyanywe hata kama majirani wanayanywa.

Halafu tazama jirani ni nani. Owino Uhuru, huko Jomvu, watu waliishi ukuta kwa ukuta na kiwanda cha kuyeyusha betri, na madini ya risasi yakaingia kwenye damu ya watoto wao. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda hichohicho, aliongoza madai, na mwaka 2020 mahakama ya Mombasa iliamuru fidia ya Sh bilioni 1.3. Moshi wenye ukakasi kooni, maji yenye rangi kwenye mtaro, watoto wanaokohoa mtaa mzima: usichukue chumba hapo kwa sababu tu ni dakika tano kutoka getini.

Malipo. Kodi ya mwezi mmoja na amana ya mwezi mmoja ndiyo kawaida. Usilipe kabla hujamwona mwenye nyumba au barua inayomtambulisha msimamizi, kwani kuna chumba kimoja hulipiwa na wageni watatu siku moja. Lipa kwa M-Pesa au upewe risiti. Andikeni ukurasa mmoja: kodi kiasi gani, hulipwa tarehe ngapi, amana inarudi lini na inakatwa kwa lipi, notisi ya kuhama ni muda gani. Piga picha ukuta, kufuli na sinki siku unayoingia.

Uliza pia ardhi ni ya nani. Mombasa kuna mtindo wa zamani wa nyumba bila ardhi: nyumba ya huyu, kiwanja cha yule, na mwenye nyumba humlipa mwenye kiwanja kodi ya ardhi. Hao wawili wakikosana, mpangaji ndiye anayekuta vyombo nje. Likoni, kwenye shamba la Waitiki, watu walijenga miaka mingi bila hati mpaka serikali ikalinunua na kutoa hati mwaka 2016. Sehemu nyingine mambo bado hayajaamuliwa.

Kwa nyumba za kodi isiyozidi Sh 2,500 kuna Baraza la kudhibiti kodi, ambalo mwenye nyumba lazima alipitie kabla ya kumtoa mpangaji au kupandisha kodi. Kiwango hicho ni cha zamani mno, na vyumba vingi vya leo vimekwishakipita. Inaumiza kwamba hakijasogezwa. Juu ya hapo mgogoro huenda mahakamani. Lakini kung'oa mlango, kuezua mabati au kumfungia mtu vyombo vyake kwa kufuli jipya si njia halali kwa kodi yoyote.

Jumamosi: nauli

Siku fupi. Vyumba viwili ulivyovipenda, pima kutoka mlangoni mpaka getini kwa saa ileile ya kazi. Sh 50 asubuhi na Sh 50 jioni kwa siku 26 ni Sh 2,600. Anayevuka Likoni kwa miguu halipi feri, ila saa kumi na mbili hadi saa mbili asubuhi foleni inaweza kumchelewesha, na kuchelewa mara tatu ni barua ya onyo. Mara nyingi chumba cha bei zaidi kidogo Chaani kinashinda cha bei nafuu Mtongwe, kwa mtu wa Changamwe.

Mwisho wa mwezi: peislipi

Mshahara hulipwa siku ya kazi, saa za kazi, mahali pa kazi au karibu, au benki, na uambatane na maelezo ya makato. Kwa jumla ya Sh 18,530.81 makato ya sheria ni haya: NSSF asilimia 6, Sh 1,111.85, SHIF (mchango wa SHA) asilimia 2.75, Sh 509.60; ushuru wa nyumba asilimia 1.5, Sh 277.96. PAYE, yaani kodi ya mapato, haipo, kwa sababu kiasi kinachotozwa kiko chini ya Sh 24,000. Unabaki na Sh 16,631.40. Mwajiri naye huongeza NSSF kiasi kilekile na asilimia 1.5 nyingine ya nyumba kutoka mfukoni mwake. Akikukata hizo zake kwenye mshahara wako, ni wizi.

Usiishie kwenye karatasi. Ingia NSSF na SHA kwa simu uone kama fedha zimefika. Kukatwa bila kuwasilishwa hutokea sana, na mfanyakazi hugundua siku amelazwa hospitali, familia inaambiwa hajalipa. Makato yote kwa pamoja, hata ya mkopo, hayaruhusiwi kuzidi theluthi mbili za mshahara.

Mwezi wa pili

Rudi kwenye daftari uhesabu. Kibarua aliyepita mwezi mfululizo aombe barua ya kazi, kwa maandishi, abaki na nakala yenye tarehe. Baada ya miezi miwili mfululizo mfanyakazi ana haki ya likizo ya ugonjwa: angalau siku 7 kwa mshahara kamili na 7 kwa nusu, kwa cheti cha daktari.

Siku ya kuumia

Gunia likianguka au sindano ikipita kidole, mwambie msimamizi siku hiyohiyo mbele ya mtu, kisha uandike. Mwajiri anatakiwa kuripoti kwa ofisi ya usalama kazini ndani ya siku 7, na ndani ya saa 24 mtu akifa. Gharama za matibabu ni zake. Madai ya fidia yasipite miezi 12. Hakikisha hospitali imeandika kwamba uliumia kazini; daktari akiandika "alianguka" bila mahali, kampuni itasema ulianguka nyumbani kwako.

Siku ya kufukuzwa

Kabla ya kuachishwa kwa kosa, mfanyakazi lazima aelezwe kosa na asikilizwe, akiwa na mwenzake au mwakilishi wa chama. Usitie saini karatasi ya "nimelipwa yote" kabla ya kuhesabu: siku ulizofanya, notisi, likizo iliyobaki, saa za ziada, nyumba. Omba cheti cha utumishi. Ni haki yako hata ukiondoka kwa ugomvi.

Lalamiko la kuachishwa visivyo hupelekwa kwa afisa wa kazi wa kaunti ndani ya miezi 3. Huandikishwa, mwajiri huitwa kwa barua, pande mbili hukaa mezani. Kupeleka malalamiko huko hakulipiwi. Ikishindikana ni mahakama: mwenye mshahara usiozidi Sh 80,000 kwa mwezi husikilizwa na hakimu, wa juu yake huenda Mahakama ya Ajira na Kazi. Muda wa kushtaki ni miaka 3, lakini madai ya kitu kilichokuwa kikirudiwa kila mwezi, kama posho ya nyumba, yanaweza kubanwa na miezi 12 tangu kilipokoma, kwa hiyo nenda mapema. Fidia ya kuachishwa visivyo haizidi mishahara ya miezi 12. Kituo cha Sheria kina ofisi Mombasa na husaidia wasio na wakili.

Siku ya kwenda kwa afisa wa kazi beba bahasha yenye nakala ya kitambulisho, mkataba kama upo, peislipi, taarifa ya M-Pesa iliyochapishwa na kupigiwa mstari kwenye kila malipo ya mwajiri, picha ya sare au beji, majina ya wenzako wawili walio tayari kusema, risiti za kodi kama nyumba haikulipwa, na daftari. Toa nakala, za asili usizikabidhi. Mwombe afisa agonge muhuri wa kupokea kwenye nakala yako, uandike tarehe ya kurudi.